Kelele ya Upande wa Kulia

Jumanne, 4 Februari

Mdogo wangu,

Daktari wa mifupa amesema leo asubuhi kwamba pingili moja ya mgongo wa Mama imepasuka, lakini haijahama mahali pake. Isipohama kwa wiki nane, itaunga yenyewe. Ikihama, ni kisu. Alisema hayo akiwa na picha mkononi, Mama akimsikia. Nikamuuliza daktari Mama afanye nini na asifanye nini. Akajibu: alale kwenye godoro gumu, asiinue hata sufuria, na asirushwerushwe.

Alianguka bafuni Alhamisi. Sakafu ilikuwa na sabuni. Hakuna zaidi ya hapo, kwa hiyo usitafute wa kulaumu.

Kinachonisumbua ni hilo agizo la mwisho. Kila Jumanne na Ijumaa anatakiwa hospitali, na usafiri tulio nao ni gari la marehemu Baba, ambalo wewe uliliinua asubuhi ile ile uliyoondoka. Uliliwekea springi ndefu na shokapu ngumu ili, kama ulivyosema, lisiwe linakwaruza tumbo kwenye matuta. Ni kweli halikwaruzi tena. Linapiga kelele.

Kelele iko mbele, upande wa kulia, na ni mbili. Ya kwanza ni ya kitanda kikuukuu, kwiii, mtu anapopanda au kushuka, hata injini ikiwa imezimwa. Ya pili ni ko! kwenye tuta, na inakuja gurudumu linaposhuka, si linapopanda. Mama hulala kiti cha nyuma, miguu kwenye mto. Kila ko! naiona kwenye kioo: anafumba macho.

Nataka mambo mawili. Niambie kelele ni ya nini. Halafu niambie springi na shokapu za zamani ziko wapi, Fundi azirudishe. Simu haishiki huko kambini kwenu, najua, ndiyo maana nimempa barua dereva wa lori la mafuta. Anapanda kwenu Jumamosi, anashuka Alhamisi. Nategemea jibu kwa lori hilo hilo.

Dada yako


Alhamisi, 13 Februari

Shikamoo Dada,

Barua yako nimeisoma nimesimama wima kama niko kizimbani. Punguza, Dada. Mimi ni mdogo wako, si mshtakiwa. Habari za Mama zimeniuma sana, nimeshindwa hata kula. Mwambie mwanawe anamwombea.

Sasa tuje kwenye gari. Hizo shokapu ni mpya, na kitu kipya lazima kizoee. Wewe ukivaa viatu vipya havilii? Kabla hujaanza kusema Injinia kaharibu gari la Baba, fanya hivi:

Fungua buti, toa kila kitu: jeki, spana ya tairi, yale madumu. Vitu vikilegea huko nyuma vinagonga, na sikio linakudanganya kwamba ni mbele. Kama bado linagonga, simama pembeni ya gurudumu, kandamiza boneti kwa nguvu zako zote, uachie. Sikiliza. Halafu chukua maji ya sabuni kwenye chupa ya kupulizia, upulizie bushi, zile raba zilizo mwisho wa mkono wa chini unaoshika gurudumu. Kelele ikinyamaza, ni raba tu inajikuna. Haina shida.

Na kingine, usinune: unaendesha kwa pupa. Tuta unaliingia kama unafukuzwa. Baba alikuwa anasema hivyo hivyo.

Vile vya zamani viko stoo, nyuma ya madumu. Lakini sioni haja. Nilichokiweka ni kitu cha maana, wenzangu wanakitafuta hawakipati. Na huyo Fundi asiliguse gari. Yule hata baiskeli simpi.

Kazi huku ni nzito, jua kali, chakula hakina chumvi.

Mdogo wako, Injinia


Jumanne, 18 Februari

Injinia,

(Jina ulijipa mwenyewe. Nilivyoelezwa na waliokuajiri, kazi yako ni kushika fimbo ya wapimaji.)

Mama ameongezewa dawa ya maumivu leo. Daktari amesema pingili bado iko mahali pake, lakini misuli inayoizunguka imekaza kuliko wiki iliyopita, jambo ambalo hakulitegemea kwa mtu anayelala kutwa. Aliniuliza tunakuja kwa usafiri gani. Nikamwambia.

Nimefanya yote uliyosema, kwa mpangilio uliosema.

Buti: nilitoa jeki, spana, madumu, mwavuli na ndala yako moja ya kushoto. Kelele iko pale pale.

Kukandamiza: Nesi wa nyumba ya pili alikaa juu ya boneti, akaruka, akacheka mpaka majirani wakatoka. Mimi niliingiza mkono nyuma ya gurudumu na kuushika ule mkono wa chini. Kila Nesi aliposhuka, nilihisi kitu kikijinyonga pale kwenye kiungo halafu kikiachia ghafla. Kushoto hakuna hivyo, au kipo kidogo sana.

Sabuni: nilipulizia bushi ya kulia. Ile kwiii ilikoma. Tulienda hospitali kimya kimya, nikadhani tumemaliza. Kurudi, sabuni imekauka, kitanda kikaanza tena. Ko! haikukoma hata kidogo.

Stoo: nyuma ya madumu kuna ukuta. Hakuna springi, hakuna shokapu. Nimetoa kila kitu nje na kukirudisha. Ziko wapi?

Kuhusu mwendo wangu: tuta la sokoni naliingia taratibu kiasi kwamba mwenye mkokoteni alinipita, akanipungia mkono.

Kitu kimoja sikielewi. Namuuliza Mama, "Imekuuma hapo?" Anasema, "Wapi? Mbona mimi sisikii kitu." Mama huyu anasikia nikifungua kabati la sukari nikiwa chumba cha pili. Leo nilipomshusha, ncha ya shuka ilikuwa imelowa. Alikuwa ameiuma.

Nijibu swali la stoo.

Dada yako


Jumatano, 19 Februari

Mwanangu,

Anayeandika ni Nesi. Dada yako yuko kazini mahakamani, anachukua habari za kesi ya ng'ombe. Nimemwambia Nesi aandike ninavyosema, asipambe.

Mgongo unauma. Nasema hivyo kwako tu. Hiyo kelele naisikia kuliko dada yako anavyoisikia, maana yeye inapita masikioni, mimi inapita kwenye mfupa.

Asubuhi ile ulipokuwa chini ya gari nilikuwa dirishani nikichambua kunde. Nilikuona. Gari lilikuwa juu ya mawe, magurudumu yananing'inia, na wewe unakaza zile bolti za bushi hivyo hivyo, unatazama saa, unakaza. Ukalishusha, ukanawa, ukapanda basi. Baba yako miaka yote alikuwa akikuambia nini? Lisimame kwa miguu yake kwanza ndipo ukaze. Alikuwa akikuambia na spana mkononi, na mara moja alikupiga nayo kwenye kiatu. Mimi si fundi, nimeolewa na fundi. Nilitaka kukuita. Nikasema mtoto anachelewa basi, ataona mwenyewe.

Na vile vya zamani nilikuona ukimpa yule rafiki yako mwenye gari kama letu. Sawa. Vimeshakwenda.

Sikumwambia dada yako na sitamwambia. Unamjua. Atakuandama mpaka uzeeni. Lakini wewe mwambie namna ya kulegeza na kukaza upya, na useme ni wewe umekosea. Ukisema wewe, atanung'unika siku mbili, yataisha. Usiposema, mimi nitaendelea kuuma shuka.

Jambo jingine. Usije ukawaingiza ndugu wa baba yako katika hili. Nikiugua nitaugulia kwenye chumba changu, kitanda changu, dirisha langu. Sitaki chumba cha wageni cha mtu.

Kula. Hata kama hakina chumvi.

Mama yako

(Mimi Nesi nimeandika nilivyoambiwa. Mimi simo. Ila shemeji, harakisha.)


Alhamisi, 27 Februari

Shikamoo Dada,

Nimeifikiria sana hiyo kelele yako. Usiku na mchana. Hapa kambini wananiuliza, "Injinia, mbona umepoa?" Nawaambia gari la nyumbani linaumwa.

Nimepata jibu. Bushi za kulia zinahitaji kutulizwa. Fanya hivi, na ufanye hivi hivi bila kuongeza lako:

Tafuta mbao nne nene, uzipange mbili mbili kama ngazi fupi. Pandisha magurudumu ya mbele juu yake, taratibu, mpaka gari lisimame juu ya mbao kwa matairi yake. Weka mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma, vuta breki ya mkono. Usilinyanyue kwa jeki! Usiingie kabisa chini ya gari lililo kwenye jeki. Gari lisimame kwa uzito wake wote. Sasa ingia chini, legeza bolti za mkono wa chini, kulia na kushoto. Legeza tu, usitoe. Utasikia raba ikipumua. Toka. Kandamiza boneti mara kadhaa, gari likae linavyotaka lenyewe. Rudi chini, kaza kwa spana ndefu mpaka mkono ukatae. Basi.

Usiniulize kwa nini. Ni mambo ya kitaalamu, marefu. Shokapu hizi za kisasa zinataka kutulizwa baada ya muda, hata kwenye karatasi zake wameandika.

Kuhusu stoo: kama hazipo, basi ni wezi. Mlango ule nilisema ubadilishwe kitasa tangu Baba akiwa hai.

Na Dada, nisikilize bila hasira. Nimemwandikia Baba Mkubwa. Sikukusema vibaya. Nimesema tu kwamba Mama anahangaishwa sana na safari, na kwamba wewe una kazi zako. Nyumbani kwa Baba Mkubwa ni hatua chache na hospitali. Tufikirie kwa ajili ya Mama, si kwa ajili yetu.

Mdogo wako, Injinia


Jumatano, 5 Machi

Binti yangu,

Mdogo wako ameniandikia, na sikufurahi kusikia habari hizi kutoka kambini badala ya kuzisikia kwako, ambaye tunakutana kila Jumapili.

Anasema mama yenu anarushwa barabarani mara mbili kwa wiki kwa sababu unaendesha kwa haraka kuwahi mahakamani. Sikuhukumu. Ila mke wangu ameshafagia chumba cha wageni na ametandika.

Nimepanga kikao cha ukoo. Nimemwomba mdogo wako apate ruhusa ya siku mbili. Mama yenu mwenyewe ataulizwa, na atakachosema yeye kuhusu hizo safari ndicho tutakachofuata. Akisema anaumizwa, au hata akisema barabara ni mbaya, tutamhamisha siku hiyo hiyo. Tarehe nitakujulisha.

Ni mimi, Baba Mkubwa wako


Ijumaa, 14 Machi

Mdogo wangu,

Kelele imekoma. Nasema mimi, niliyeendesha leo kwenda na kurudi, na Nesi aliyekaa nyuma na Mama, na mwenye mkokoteni aliyesimama kusikiliza.

Nakupa haki yako: ulichoelekeza ndicho kilichotibu. Jumapili ile ya tarehe mbili Machi niliazima mbao kwa seremala na spana ndefu kwa Fundi. Nilivaa ovaroli ya Baba. Nililegeza bolti ya kulia, na ikatoa sauti moja ya ajabu, kama mtu aliyekuwa amebana pumzi. Gari lilishuka upande huo upana wa kidole, mbele ya macho yangu. Ya kushoto ilifanya hivyo hivyo, kwa kiasi kidogo. Nikatoka, nikalikandamiza, nikarudi, nikakaza. Nilipoinuka, Mama alikuwa dirishani, amejishika kwenye fremu. Nikamfokea arudi kitandani. Hakurudi mpaka nilipolishusha gari na kulizungusha uani.

Kushoto kulinyamaza palepale. Kulia kulibaki na ko! ndogo, kwa sababu raba ilikuwa imeshachanika. Jumatatu nilimpelekea Fundi ule mkono, akatoa bushi na kupachika nyingine kwa mashine yake. Ile iliyochanika nimeiweka kwenye droo. Sijui kwa nini. Mazoea ya kazi.

Gari bado ni gumu, hizo shokapu zako hazibembelezi mtu. Lakini halipigi tena. Wiki iliyopita Mama alilala njiani, mdomo wazi, mara ya kwanza tangu aanguke.

Nilikuandikia kwa ukali mwezi uliopita, nikakudhania unanizungusha. Kwa hilo naomba radhi. Kuhusu barua yako kwa Baba Mkubwa siombi chochote na sisahau chochote. Hukumwandikia kwamba gari lilikuwa na kasoro. Ulimwandikia kwamba mimi nina kasoro.

Leo wamempiga Mama picha nyingine. Daktari aliitazama muda mrefu, akasema anataka mwenzake aione. Majibu ni Ijumaa ya tarehe 28.

Dada yako


Alhamisi, 20 Machi

Shikamoo Dada,

Si nilikwambia! Hapa nimewasomea wenzangu barua yako, wamepiga makofi. Injinia anatengeneza gari kutoka kambini bila kuligusa. Mpimaji mkuu mwenyewe kasema nipandishwe cheo. Natania, lakini kasema.

Radhi yako nimeipokea, yameisha. Ungenisikiliza mapema yasingefika huku, lakini yameisha.

Sasa kikao. Baba Mkubwa kaniandikia, nimeomba ruhusa na nimepewa. Nakuomba usije na ubishi wako wa mahakamani. Watu wazima watakuwepo. Tuseme kwa sauti moja kwamba Mama anahitaji utulivu, aende kwa Baba Mkubwa, wewe utamtembelea. Na gari nitalichukua mimi nikimaliza mkataba, lisikusumbue.

Na kama kuna watu wanaodhani nilikaza zile bolti magurudumu yakiwa yananing'inia kwa sababu nilikuwa nawahi basi, wanajidanganya. Nilishusha gari kwanza. Mimi ni mtoto wa fundi, jambo hilo nalijua tangu nanyonya. Raba ilichanika kwa sababu ya barabara na mwendo, basi.

Msalimie Mama. Mwambie nakula.

Mdogo wako, Injinia


Ijumaa, 28 Machi

Mdogo wangu,

Pingili imehama. Daktari amesema hivyo leo saa tatu asubuhi, na mwenzake amekubaliana naye. Imesogea kidogo kuelekea nyuma. Mama atapasuliwa Jumatatu, tarehe 7 Aprili.

Nilimuuliza kama ni gari. Akasema hawezi kusema hivyo. Huenda iliteleza tangu alipoanguka, huenda ilisukumwa. Nikamuuliza kwa njia nyingine. Akasema hawezi kusema hivyo pia. Kwa hiyo na mimi sitasema hivyo, wala kwako, wala kwenye kikao.

Nitasema kile ninachoweza kukisimamia.

Barua yako ya tarehe 20 inasema hukukaza bolti magurudumu yakining'inia kwa sababu ya kuwahi basi. Nimezisoma upya barua zangu zote kwako, nakala ninazo. Sijaandika popote kwamba ulikaza magurudumu yakining'inia. Nisingeweza kuandika, sikujua kwamba kuna kukaza kwa namna hiyo. Sijaandika neno basi. Miaka kumi na mitano nimekaa benchi la waandishi, na mtu anapokana jambo ambalo hajaulizwa, kalamu yangu husimama yenyewe.

Nilitoa bushi kwenye droo, nikampelekea Fundi. Aliigeuzageuza mara moja tu.

"Hii ilikazwa gari likiwa hewani," alisema. "Tazama ilivyochanika, imezunguka kama kizibo cha chupa. Raba ilibanwa wakati gurudumu limening'inia. Gari liliposhuka, raba ikasokotwa, na ikabaki imesokotwa. Ndiyo maana lilikuwa linapiga na linakataa kunesa."

"Kwa nini hukuniambia siku ile?"

"Hukuniuliza, Dada. Uliniomba spana, kisha bushi mpya."

Leo tukirudi kutoka hospitali tulikuwa wawili tu garini. Nilisubiri tupite sokoni. Nakuandikia maneno yalivyokuwa.

"Mama, ulimwona akikaza?"

"Nani?"

"Mama."

"Tazama mbele, kuna tuta."

Nikalivuka tuta. Hapakuwa na sauti yoyote. Nadhani ukimya ule ndio uliomshinda, maana angalau kelele ilikuwa inampa pa kujificha.

"Nilimwona," alisema. "Nikamwandikia akuambie. Nilimwambia akuambie na kosa ni la nani."

"Aliniambia namna ya kutengeneza. Hilo la pili hakuniambia."

"Basi lile la kwanza si alisema? Gari si limepona?"

"Wewe hujapona. Kwa nini mimi hukuniambia?"

"Wewe ungeandika," alisema.

Ungekuwa karibu ningekupiga kofi, halafu ningemwomba radhi yeye.

Nikamuuliza atasema nini kwenye kikao. Akasema, "Nitasema barabara ni mbaya." Nikamkumbusha Baba Mkubwa alivyopanga: akisema barabara ni mbaya, ni chumba cha wageni siku hiyo hiyo. Akasema anajua. Nikamwambia, hutaki kwenda. Akasema, "Sitaki." Nikasema, basi sema ukweli, sema lilikuwa gari na gari limeshatengenezwa, utabaki nyumbani kwako. Akasema, "Mbele ya wale ndugu wote wa baba yenu? Nimwanike mwanangu, niliyemzaa mimi, nibaki na kitanda?"

Tulipofika alikaa garini muda mrefu kabla ya kukubali nimshushe. Alikuwa anatazama dirisha la chumba chake kwa nje, jambo ambalo sijawahi kumwona akifanya.

Ndiyo hali ilivyo. Nimemuuliza Nesi, amesema alikuandikia harakisha. Kati ya barua hiyo na siku niliyolegeza bolti, Mama alikwenda na kurudi kwa gari hilo mara tatu. Wewe ulipoipokea ulikaa ukatunga "karatasi zake wameandika", na kwa lori hilo hilo ukampelekea Baba Mkubwa habari za mwendo wangu. Uliwahi kila kitu isipokuwa sentensi moja.

Sijamwambia Baba Mkubwa neno, na Fundi nimemwomba anyamaze. Mama akishaamua kukulinda, mimi sitamgombanisha na ulimi wake mwenyewe siku mbili kabla ya kisu. Nilikwenda kwa Baba Mkubwa leo jioni kwa jambo moja: nilimwomba msemaji wa kwanza kikaoni uwe wewe, kabla Mama hajaulizwa. Alishangaa, akasema ni wazo zuri, kijana ajifunze kusema mbele ya watu.

Ukisema ulivyofanya, hakuna atakayemuuliza Mama kuhusu barabara, na akitoka hospitali atarudi chumbani kwake. Usiposema, atasema yeye lake, na nitamfungia mfuko wa nguo mimi mwenyewe. Sitakupinga. Nitakaa kimya niandike.

Mama amesema nije kukupokea kwa gari, usihangaike na mabegi, na ukae kiti cha nyuma karibu naye. Lori linashuka Alhamisi tarehe 3, nitakuwa kituoni. Kikao ni Jumamosi, tarehe 5 Aprili, saa nne asubuhi, nyumbani kwa Baba Mkubwa.

Dada yako